Volteji Nayo Ipimwe Kama Shinikizo la Damu

Kila tabibu anaijua hatari ya mgonjwa anayevuja damu ndani kwa ndani. Kwa muda mishipa hujibana, moyo huongeza mapigo, na shinikizo la damu husomeka vyema. Kisha akiba ya mwili huisha, na shinikizo huporomoka ghafla.

Gridi ya umeme ina tabia iyo hiyo. Matumizi yanapoongezeka jioni, volteji hupungua. Nazo mota za pampu na viwanda huvuta mkondo mkubwa zaidi ili zitimize kazi ile ile, na mkondo huo huzidi kuishusha volteji. Kapasita na mitambo ya kufua umeme huitegemeza, lakini kwa kiasi. Kikipita kiasi hicho, gridi huanguka. Ndiyo maana wahandisi hawaulizi tu volteji ni ngapi sasa, bali pia mzigo gani zaidi utaweza kubebwa kabla ya kufika ukingoni.

Swali hilo linatuhusu watu wa Tanga. Kwa miaka mingi tumelishwa na njia ya kilovolti 132 itokayo Chalinze kupitia Hale. Vituo vya Mto Pangani, Hale chenye megawati 21 na Pangani Falls chenye megawati 68, huitegemeza volteji ya pwani hii kwa karibu. Maji yakipungua, tegemeo hilo hulegea. Wapo wasemao kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limemaliza tatizo. Ni neema kubwa, ila liko Rufiji, na nguvu inayotegemeza volteji haisafiri vyema masafa marefu. Moyo wenye afya haumwondolei mgonjwa kidonda cha mguu usiofikiwa na damu.

Wodini, kusema “umeme upo” hakutoshi. Jenereta inayosubiri umeme ukatike kabisa haitawaka volteji ikishuka kutoka 230 hadi 170. Hapo jokofu la chanjo huweza kunguruma bila kupoza, joto likapita nyuzi 8, na mashine ya oksijeni ikazima mgonjwa akiwa bado anaihitaji.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kituo, kuanzia Hospitali ya Bombo hadi zahanati za Mkinga na Pangani, kiandike volteji asubuhi na saa 2 usiku, katika daftari lile lile la joto la jokofu. Itasemwa kwamba wauguzi wana kazi nyingi. Kweli, lakini kusoma mita ni kazi ya nusu dakika, na chanjo zilizoharibika ni hasara isiyorudi. Pili, kumbukumbu hizo zipelekwe TANESCO, nao watuarifu mapema majira ambayo ukingo uko karibu, ili hospitali zijiandae.

Nawe mgonjwa unayehifadhi insulini nyumbani, uonapo taa zimefifia, chomoa jokofu, usilifungue mlango, na usubiri umeme utulie. Umeme mdogo huunguza mota, na jokofu lililoungua halitahifadhi dawa yako kesho.