Bwawa la Thwake lisiwakatie mikunga njia

Mjadala kuhusu bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 2018, umetawaliwa na masuala ya gharama, fidia na kuchelewa kwa kazi. Hatima ya mikunga wa Mto Athi haijapewa uzito wowote.

Samaki hawa warefu kama nyoka huzaliwa katika Bahari Hindi. Wakiwa wachanga huingia kupitia mlango wa Sabaki, kaskazini mwa Malindi, wakapanda Galana kuelekea Athi, mto uo huo upitao Donyo Sabuk, si mbali na soko la Tala. Hukaa mtoni miaka mingi, kisha hurejea baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Njia ikizibwa, kizazi nacho hukatika.

Wakazi wa Machakos wana mfano karibu nao. Mto Tana umewekewa kuta tano: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Kila ukuta ni kizingiti kati ya bahari na vijito vya juu.

Haki ya Ukambani kupata maji haina ubishi. Hata hivyo, si lazima mwananchi anywe ndipo samaki aangamie. Mikunga wachanga hukwea mahali penye unyevu. Mfereji mwembamba wenye sakafu ya kukwaruza na maji kidogo huwatosha. Nchini New Zealand, hunaswa chini ya mabwawa na kusafirishwa hadi juu.

Kazi ngumu ni safari ya kurudi. Mikunga wakubwa huteremka wakati wa mafuriko, na mitambo ya umeme huwakatakata. Hapo huhitajika vyuma vya kuwazuia na lango la kuwapitisha.

Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe. Ni wajibu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) kuhakikisha akiba hiyo haibaki maandishi matupu.

Aidha, njia bila maji safi ni kazi bure. Athi hufika Donyo Sabuk ukiwa umebeba majitaka ya Nairobi, na maji hayo hayo ndiyo yatakayojaza Thwake. Sumu imwuayo mkunga leo ndiyo itakayotafuta njia hadi mtungini kesho.