Eliya Chini ya Mretemu



Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya, aliyetoka kushinda pale Karmeli, anakimbilia nyikani, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Tazama Mungu alivyomtendea. Hakumkemea kwa imani haba. Alimwacha alale, akamtuma malaika mara mbili ili ale na kunywa, maana safari bado ilikuwa ndefu. Baadaye akampa Elisha awe mwenzake.

Sisi wa Bukoba na Muleba tumepita katika majonzi mengi. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. Tetemeko la ardhi lilitupiga 10 Septemba 2016. Ndege ilianguka ziwani 6 Novemba 2022, watu 19 wakafariki. Nyumba iliyobomoka kila mtu huiona. Moyo uliobomoka huja kanisani umevaa vizuri na kuitikia "Amina".

Huzuni ya msiba ni ya kawaida. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila kufurahia chochote, hapati usingizi, hana hamu ya kula, anajiona hana thamani, au mapigo ya moyo yanamwenda mbio kwa hofu asiyojua chanzo chake, huenda huo ni ugonjwa. Una jina: sonona, au wasiwasi uliopitiliza. Na una tiba.

Aanzie wapi? Ukiwa Ngenge, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mganga yote. Usiishie kusema "kichwa kinauma". Mwombe akupime pia upungufu wa damu na maradhi mengine, kwani yapo yanayofanana na sonona. Kisha omba rufaa. Hospitali za makanisa yetu, Rubya, Kagondo na Ndolage, zimo humu Muleba, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bukoba mjini. Ukifika, ulizia huduma ya afya ya akili.

Utamjuaje msaidizi wa kweli? Amesomea kazi hiyo, anasikiliza kabla ya kuandika dawa, anatunza siri na kukupangia siku ya kurudi. Atakueleza kuwa dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na kwamba haziachwi ghafla. Anayekuambia utupe dawa ili kuthibitisha imani yako, au anayekuuzia maombi, mkimbie. Mtume Paulo alisafiri na Luka, tabibu, wala hakuona kuwa anamdharau Mungu.

Kwenu mapadre, wachungaji na wazee wa kanisa: ombeni, kisha msindikizeni mgonjwa. Jumuiya zetu huchanga siku ileile msiba unapotokea. Tuchange nauli ya bodaboda na basi mhusika akiwa bado hai. Na mtu akisema anatamani kufa, msimhubirie wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Malaika alimwamsha Eliya mara mbili. Wiki hii, kama yupo jirani ambaye hajaonekana jumuiyani kwa muda, nenda ukapige hodi. Ukikuta kimya, rudi tena.