Mvumo wa Rafadha Usikilizwe Kabla ya Ndege Kuruka

Mwaka 2018, kampuni ya Wing ilipoanza kuwapelekea wakazi wa Bonython, mtaa wa mji wa Canberra nchini Australia, kahawa na vyakula kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wengi miongoni mwao walilalamikia mvumo wa rafadha uliopenya hadi majumbani, hata Baraza la Kutunga Sheria la huko likafanya uchunguzi, na kampuni yenyewe ikaunda ndege yenye mlio mpole zaidi. Ninalolisikitikia ni kuwa raia wale walitwishwa udhia kwanza ndipo wakaulizwa, ilhali maarifa ya kuutambua mlio kabla ya ndege kuruka yalikwisha kuwapo.

Rafadha yenye mapanga mawili, izungukapo mara 6,000 kwa dakika, huipiga hewa mara 200 kwa sekunde, na pigo hilo ndilo asili ya mvumo. Juu yake huja milio myembamba zaidi, kisha mchakacho wa hewa ivurugikayo kingoni mwa mapanga. Tangu L. Gutin wa Urusi ya Kisovieti alipoieleza sauti ya rafadha kwa hisabu mwaka 1936, na khasa baada ya mlinganyo wa Ffowcs Williams na Hawkings wa mwaka 1969, elimu hii imeendelea kiasi cha kwamba kompyuta, ikipewa umbo la panga, mwendo wake na nguvu za hewa zilizo juu yake, yaweza kutoa katika vipaza sauti mlio wa ndege ambayo ingali michoro.

Na kusikia ni lazima, kwa kuwa tarakimu za desibeli hazitoshi. Wataalamu wa NASA huko Langley, jimbo la Virginia, waliwasikilizisha watu 38 milio ya ndege hizi na ya magari, wakatangaza mwaka 2017 kwamba, hata vipimo vikilingana, ile ya ndege huudhi zaidi. Nchini Tanzania zimetumika kuwafukuza tembo mashambani; basi kiumbe mkubwa kama yule akiukimbia mvumo, seuze mgonjwa aliyelala kitandani?

Sisemi ndege hizi zipigwe marufuku, kwani tangu mwaka 2016 zimepeleka damu katika hospitali za Rwanda, na hiyo ni hisani isiyokanika. Nasema kwamba mamlaka za anga zisitoe idhini ya njia ipitayo juu ya makazi mpaka wakazi wamekusanywa barazani na kusikilizishwa sauti iliyoigwa, kwa ukubwa ule ule watakaoupata uani mwao.

Wala isiwe sauti ya kupambwa. Aghalabu anayetaka kuuza atachagua ndege moja, tupu, katika hali ya shwari, ilhali upepo ukivuma kila rafadha hubadili mwendo wake mbali na wenzake, na mlio ukawa wa kuyumbayumba, ambao sikio haliuzoei. Kwa hiyo uigaji uwe na upepo, na mzigo, na kutua, na wingi wa safari za siku nzima, kisha ulinganishwe na vipimo vya maikrofoni vilivyochukuliwa uwanjani na mtu asiyelipwa na kampuni. Na pakidhihiri tofauti, idhini isimamishwe mpaka hisabu irekebishwe na wakazi wasikilizishwe upya.