UCHAMBUZI: Je, vipuri vilivyochapishwa kwa leza vitahimili asidi ya migodi ya Lualaba?

Pampu ikiharibika katika kiwanda cha shaba cha Kolwezi, kipuri kinachoagizwa ng'ambo hushushwa bandarini Durban au Dar es Salaam, kisha hupakiwa kwenye lori, hukatiza Zambia na kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Teknolojia ya kuchapisha chuma kwa leza inaahidi kufupisha safari hiyo. Mchoro wa kipuri unatumwa kwa intaneti, na mashine iliyo karibu na mgodi inakitengeneza.

Ahadi hiyo ina uzito Lualaba, kwa kuwa viwanda vingi vya mkoa huo huyeyusha mawe ya shaba na kobalti kwa asidi ya salfuri. Baada ya hapo umeme huivuta shaba hadi kwenye mabamba ya chuma kisichoshika kutu, mara nyingi cha daraja la 316L, ambako hubanduliwa ikiwa karatasi nene. Chuma cha kawaida hakidumu katika mazingira hayo.

Katika uchapishaji, leza huyeyusha unga wa chuma tabaka baada ya tabaka, kila moja likiwa jembamba kuliko unywele. Chuma hupoa kwa kasi kubwa mno na kujengeka kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukiongezea nguvu. Chuma cha 316L kilichotengenezwa kwa njia ya kawaida hutakiwa kuhimili angalau megapaskali 170 hivi kabla ya kupinda moja kwa moja. Kilichochapishwa vizuri huweza kupita 400.

Kwa hiyo nguvu siyo tatizo kubwa. Tatizo ni matundu madogo yanayobaki ndani pale unga usipoyeyuka sawasawa. Ufa unaweza kuanzia hapo kwa kipuri kinachozunguka mchana na usiku. Tundu likiwa juu ya uso, kloridi iliyomo kwenye maji ya kiwandani huweza kukila chuma hapo hapo, hata kama sehemu nyingine inang'aa.

Dawa yake inajulikana: kukibana kipuri kwa joto na shinikizo kubwa, kukisugua uso, kisha kukipima ndani kwa eksirei. Lakini vifaa hivyo ni ghali, na vinahitaji mafundi waliosomea kazi hiyo. Bomba la asidi likipasuka, anayeungua ni mfanyakazi aliye karibu.

Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa husafishwa China. Iwapo printa zitafika Kolwezi huku unga, upimaji na ujuzi vikibaki nje, mkoa utakuwa umebadilisha tu aina ya mzigo unaosubiriwa Kasumbalesa. Kinachohitajika kwanza ni maabara ya kupima vipuri na vijana wa Lualaba wanaojua kuiendesha.