Anauza Kozi ya Virusi, Kesi Unabeba Wewe

Kuna jamaa huko Telegram, jina kapuni, anajiita profesa. Kila wiki anatupia tangazo: lipia kwa simu, ufundishwe kuandika virusi vya kompyuta, uwe "hatari". Na madogo wa Kasulu na Kibondo, wenye laptop za kuazima na bando la usiku, wanajaa kama njugu.

Tatizo si somo. Anayetaka kumzuia mwizi lazima ajue mlango unavyovunjwa. Mwanafunzi wa usalama wa mtandao ambaye hajawahi kuona kirusi kinavyojinakili ni sawa na fundi pikipiki aliyesomea injini kwenye picha. Steshenari yoyote pale Kasulu inaijua shida hii: flashi inaingia na barua ya kuomba kazi, inatoka na kirusi, na kesho yake mafaili ya ofisi nzima hayafunguki. Nani atayatibu kama hakuna aliyefundishwa?

Lakini kuna kufundisha na kuna kuuza.

Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, kilitangaza kozi ya kuandika virusi. Kampuni zinazouza programu za kinga zikaja juu kama moto wa kifuu. Chuo hakikurudi nyuma, ila kiliweka masharti: wanafunzi wa mwaka wa nne tu, na maabara isiyounganishwa na mitandao ya nje. Maana yake kirusi kinazaliwa humo na kinafia humo.

Profesa wa Telegram ana maabara gani? Anatuma faili, basi. Dogo analijaribu kwenye kompyuta ya kwanza anayoikuta, au kwenye simu ya mama muuza maharage sokoni Kibondo, ambaye mtaji wake wote uko humo humo.

Na kuna jambo profesa halisemi kamwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haisubiri mpaka mtu aibiwe. Hata kumiliki programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kufanya kosa, bila uhalali, ni kosa. Polisi wakibisha hodi, laptop inayobebwa ni ya dogo. Profesa anabadilisha jina na picha, biashara inaendelea.

Mwaka 2000 Onel de Guzman, kijana wa Manila aliyesomea kompyuta, aliachia kirusi cha ILOVEYOU kikaitikisa dunia. Hakufungwa, kwa sababu wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria ya kumbana. Dogo wa Kibondo hana bahati hiyo.

Vyuo vinavyoliogopa somo hili navyo visijitoe. Kila darasa linalofungwa ni mteja mpya kwa profesa. Chumba kisicho na intaneti, mwalimu mwenye jina, na sheria ifundishwe siku ya kwanza, kabla ya mstari wa kwanza wa kodi. Hicho ndicho dogo anachostahili.

Mwalimu anayeficha sura yake anakufundisha nini hasa?