Ngumbaru wa Ughaibuni

Neno ngumbaru lilikuwa na heshima yake. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wetu wa Ifakara, Mang'ula, Mngeta na Mlimba, katika bonde letu kule Tanzania, waliotoka shambani na matope ya mpunga miguuni wakaingia katika vyumba ambavyo watoto walikuwa wamevihama saa ile ile, wakakunja magoti chini ya madawati mafupi na kushika kalamu kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe, hawakuliona jina hilo kuwa idhilali, maana kila mmoja alijua amekuja kutafuta nini: kusoma barua ya mwanawe bila ya kumwomba jirani, au kuhakiki mizani ya mnunuzi wa mpunga kwa macho yake mwenyewe. Huku ughaibuni jina lilo hilo limegeuzwa kichekesho, na mtu wa miaka arobaini akiulizwa kwa nini haonekani darasani hujibu kwamba yeye hakuvuka bahari kuja kusoma ngumbaru.

Tungependa kulirudishia neno hilo heshima yake. Lakini kabla ya hapo yatupasa kukiri jambo ambalo halitawapendeza wote, nalo ni kwamba lawama si ya wanaolikimbia darasa peke yao. Nyingine ni ya darasa lenyewe, na letu la Kiingereza la kila Jumamosi, hapa katika jumuiya yetu, halisalimiki.

Mama mmoja wa Mlimba, aliyetupa idhini ya kusimulia kisa chake kwa sharti la kutomtaja, amewahudumia wazee katika makao yao hapa Marekani kwa miaka minane, zamu ya usiku, na kila alfajiri kabla ya kuvua sare huandika kwa Kiingereza nani amekula, nani amekataa dawa, nani ameanguka na saa ngapi. Siku alipoazimia kurudi shule ili awe muuguzi kamili, alipelekwa katika darasa la Kiingereza la watu wazima, akaketishwa pamoja na wanaoanza alifu, na kwa wiki tatu akafundishwa majina ya matunda na rangi za nguo. Alipouliza safari hiyo itafika chuoni lini, akaambiwa kwa upole amalize lugha kwanza. Wiki ya nne hakurudi. Sisi tuliposikia habari hiyo tulimlaumu, tukasema hana subira; leo tunamwomba radhi kwa maandishi.

Haifai kumtwika mwalimu yule wa matunda taksiri yote, kwa sababu Kiingereza chetu sisi tuliosomea Tanzania ni kitu cha ajabu, hakipimiki kwa maswali ya dakika ishirini. Mtoto wa bonde letu husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza hukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, limebadili lugha. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kufundishia hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Basi tukajifunza Kiingereza cha ubaoni: tukanakili, tukakariri, tukashinda mitihani, na hata sasa ukimwamsha mtu wa kidato cha nne usiku wa manane atakupa maana ya usanisinuru kwa Kiingereza bila ya kuacha hata nukta, walakini mtu huyo huyo simu ya msimamizi wake ikilia humpa mwanawe wa miaka kumi aipokee. Mtu wa namna hii si mwanafunzi anayeanza, wala hajawa tayari kwa mihadhara ya chuo. Kusoma kwake kumetangulia, kusikia na kusema kumebaki nyuma, na kumpa daraja moja kwa yote ni kama kumshonea mtu kanzu nzima kwa kupima mkono mmoja.

Na katika watu wote, sisi ndio tusiostahili kudhani kuwa lugha humalizwa kwanza na kazi ikafuata. Ifakara ilifanya kinyume. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara yake pale mwaka 1956, na mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu, kikafuata kituo cha kufundishia waganga wa vijijini, karibu na hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa na wamisionari. Wageni hao walitoka katika mji ambao lugha yake ni Kijerumani, na wenyeji wao kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, Kindamba huyu, Kipogoro yule, Kibena mwingine. Kwa hiyo lugha yoyote iliyowakutanisha, iwe Kiingereza ama Kiswahili, ilikuwa ya kuazima kwa pande zote mbili. Lau kama wangengojana mpaka kila mmoja aimudu lugha hiyo sawasawa, hapana shaka wangekuwa wakingojana hadi hivi leo, na pasingekuwapo Taasisi ya Afya Ifakara ambayo jina lake linajulikana popote panapofanywa utafiti wa malaria, wala chuo kikuu kishiriki cha afya kilichofunguliwa mjini petu mwaka 2010.

Kadhalika reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, ilipita katika bonde letu hilo hilo, na vijana waliokuwa hawajawahi kushika chombo cha fundi walijifunza ufundi kwa kumtazama Mchina ambaye Kiswahili chake kilikuwa haba na Kichina chao hakikuwapo kabisa. Wako wazee Mang'ula ambao hadi leo hutaja baadhi ya vifaa kwa matamshi ambayo si ya Kiswahili wala ya Kichina, nao hawaoni haya.

Hapa Marekani wako waliolitambua jambo hili. Vyuo vya jamii vya jimbo la Washington vilianza mwaka 2004 mpango uitwao I-BEST, ambamo darasa moja huwa na walimu wawili kwa wakati mmoja, mmoja wa fani, tuseme uuguzi au uchomeleaji, na mwingine wa lugha, na mwanafunzi hujifunza neno pamoja na chombo chake huku akijikusanyia alama za chuo tangu muhula wa kwanza. Majimbo mengine yameiga, kila moja kwa jina lake. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa jumuiya yetu anapoingia ofisi ya chuo lisiwe kuuliza darasa la Kiingereza liko wapi. Aulize ni fani gani zinazofundishwa pamoja na lugha, na akijibiwa kuwa hakuna, aulize chuo cha pili.

Sasa tuseme habari ya fedha, ambayo kwa ustaarabu wetu huachwa mwisho na kwa sababu hiyo huwapotosha wengi. Uko msaada wa serikali kuu uitwao Pell Grant, usiorudishwa kama mkopo, kwa wale ambao makaratasi yao yanawaruhusu kuupata. Lakini msaada huo una mpaka, nao ni kadiri ya mihula 12 ya masomo ya kutwa kwa maisha yote ya mtu, basi. Kijana wetu mmoja aliingia chuo ambacho hatutakitaja, akawekwa katika ngazi za Kiingereza za kulipia, akazipanda moja baada ya moja kwa msaada huo, na alipofika kwenye masomo ya fani yenyewe akakuta mfuko unakaribia kukauka. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia. Madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yanayogharimiwa na serikali yako katika miji mingi, mengi bure au kwa ada ndogo, na mwenye busara huyatumia hayo kwanza, akaiweka Pell kama mbegu ya mpunga, ambayo hailiwi hata njaa ya mwezi wa pili ikiuma.

Pili, vyeti. Yuko jamaa aliyetumia mwaka mzima kujiandaa kwa mtihani wa GED, wenye kutoa cheti kinacholingana na cha sekondari, ulioanzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari na ambao leo hufanywa kwa Kiingereza au Kispania, ilhali cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kimelala Ifakara katika sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yake. Mtu asikimbilie mtihani kabla vyeti vyake havijatathminiwa na taasisi inayokubaliwa na chuo anachokitaka, WES au nyingineyo, maana chuo kimoja huikubali hii na kingine huikataa, na ada ya tathmini hailipwi mara mbili kwa furaha. Asiyepata kumaliza sekondari naye asikate tamaa: sheria inamruhusu kupata msaada wa masomo akijiunga na mpango uliokubaliwa, wenye kuunganisha masomo ya msingi na fani, na akafaulu jaribio linalotakiwa au akamaliza kwanza alama sita za chuo.

Tatu, ngazi za kazi. Wengi wa akina mama wetu, na akina baba si haba, wako katika kazi ya uuguzi msaidizi, na wengine bado wamo katika boksi, kama tusemavyo, katika maghala ambako mgongo hustaafu kabla ya mwenyewe. Sheria ya mwaka 1987 inataka muuguzi msaidizi wa makao ya wazee apate mafunzo ya saa 75 kwa uchache, na baadhi ya majimbo yameongeza. Ndiyo maana mlango huo ni mwepesi, na ndiyo maana wengi wakishaingia hukaa hapo hapo mlangoni. Juu yake iko ngazi ya mwaka mmoja hivi, na juu ya hiyo stashahada ya miaka miwili, pamoja na mtihani wa NCLEX kabla ya kuitwa muuguzi msajiliwa. Hatusemi kila mtu awe muuguzi kwa kuwa tumetoka mji wa hospitali. Fundi umeme na dereva wa lori hawana upungufu wowote kwetu, na pengine hulala usingizi mzuri zaidi. Tunachosema ni kwamba mtu ajue ngazi anayoipanda ina vidaraja vingapi.

Ndugu zetu wa Kongo ya mashariki, ambao katika baadhi ya miji wametuzidi kwa idadi na ambao Kiswahili chao cha Uvira na Bukavu huwachekesha watoto wetu bila ya sababu, nao wamo katika hesabu hii; wako miongoni mwao walimu na waganga waliosoma kwa Kifaransa, ambao hukadiriwa kuwa hawajui kitu kwa kuwa hawajui Kiingereza.

Kwa hiyo darasa la Jumamosi limebadilishwa. Kitabu cha matunda kimewekwa kando. Kila atakayekuja ataulizwa kwanza anataka kufika wapi, kisha atapimwa kusoma, kuandika, kusikia na kusema, kila kimoja peke yake, na nusu ya saa itakuwa ya simu: mwalimu chumba hiki, mwanafunzi chumba kile, na watoto hawaruhusiwi kupokea. Wauguzi wawili wa jumuiya waliokwisha kupita njia hiyo wameahidi kukaa na wanaotaka kuifuata. Njooni na vyeti vyenu, hata vilivyoliwa na mchwa pembeni, na aliye na chake nyumbani apige simu wiki hii kabla mafuriko hayajakifikia kile chini ya kitanda.

Tunaanza saa nne asubuhi. Anayetoka zamu ya usiku aje vivyo hivyo na sare yake. Birika la chai litakuwa mezani, na viti vya nyuma vina mito.