Daktari, nani alilipia semina?

Ukikaa kwenye foleni ya kliniki Nyeri, Karatina au Nanyuki, humkosi kijana nadhifu mwenye mkoba akiwapita wagonjwa na kuingia kwa daktari. Ni wakala wa kampuni ya dawa. Kalamu anayoacha hainisumbui. Semina ya hotelini ndiyo inanitia hofu. Baadaye mkulima wa kahawa huenda akaandikiwa dawa kwa jina la kampuni, ilhali ipo ileile ya bei nafuu.

Sheria yetu ya mwaka 2012 inazikataza kampuni za maziwa ya watoto kuwapa wahudumu wa afya zawadi. Mbona za dawa zisibanwe vivyo hivyo? Marekani, kwa sheria ya 2010, malipo kwa madaktari hutangazwa hadharani. Wewe msomaji, muulize daktari wako kama kuna ya bei ya chini, na umtazame usoni anapojibu.